Opareta na Kompyuta Kiziwi

Opareta alizaliwa wapi sijui, na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu ukimuuliza Opareta swali moja alikujibu manne ambayo hukuyauliza, na chai ikapoa. Ninachojua ni kwamba alipohamia nyumba ya nyuma yetu hapa Lodwar alikuwa tayari mzee, tayari anajua kila kitu, na tayari amechoshwa na ujinga wetu.

Enzi zake za kazi alikuwa mtu wa redio, zile redio za masafa marefu ambazo misheni na mashirika walitumia kuitana kabla ya simu kufika huku kwetu. Lori likikwama mtoni, mgonjwa akihitaji ndege, yeye ndiye aliyevaa visikio na kuita. Kisha simu zikaja, redio zikapelekwa stoo, chumba kikafungwa. Ila hakuna aliyekumbuka kumzima Opareta mwenyewe. Aliendelea kumaliza usemi wake kwa "ova", neno la redioni la kumpa mwenzako zamu, popote alipokuwa. Mlangoni kwangu alinisalimu kwa Kiturkana: "Mama Akiru, ejok? Niletee chumvi kidogo, ova." Ukimjibu kabla hajasema ova, alikunyanyulia kiganja ungoje. Nasikia siku moja kanisani alisema ova mahali pa amina. Sikuwepo, lakini kiapo naweza kula.

Shida iliyonipeleka kwake ilikuwa hii. Mradi nilioufanyia kazi uliisha, kama miradi inavyoisha huku, kwa keki na picha ya pamoja. Nikapata kampuni moja ya mbali iliyotaka watu wa kusikiliza sauti za Kiturkana zilizorekodiwa na kuziandika. Kazi ya kufanyia nyumbani, mradi kompyuta yako iwe kwenye mtandao na isikatike. Walisema kutakuwa na jaribio la saa nzima: unasikiliza, unaandika, nao wanakutazama kwenye kioo. Nikifaulu, nabaki Lodwar na watoto wangu wawili. Nikishindwa, naenda Nairobi kutafuta kibarua, na watoto wanabaki Kalokol kwa mama yangu anayekausha samaki. Akiru alikuwa na miaka saba. Alishaanza kuniuliza Nairobi ni mbali kiasi gani, na mimi nilishaanza kumdanganya.

Kompyuta nilikuwa nayo, ile ya mezani, nzito, yenye feni inayonguruma. Nilijua pia kwamba mambo ya siku hizi hayana waya. Basi nikanunua rauta, lile sanduku la waifai, nikaitia laini ya simu, taa za kijani zikawaka, nikakaa mbele ya kompyuta kungoja baraka. Wapi! Simu yangu ya mkononi ilishika, kompyuta haikushika kitu. Na mimi kwa akili zangu nyingi nikaondoka nikanunua rauta ya pili.

Opareta alikuja na ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho wazee wetu hawatembei bila, akakiweka chini, akakikalia, akazitazama rauta zangu mbili zinavyometameta. Akacheka mpaka tumbako ikamtoka mdomoni.

"Mama, hii kompyuta yako ni kiziwi."

"Kiziwi vipi?"

"Haina sikio. Simu yako iko na sikio ndani, ilizaliwa nalo. Hii ya mezani hawakuiwekea. Sasa wewe, badala ya kuinunulia sikio, umeinunulia mdomo. Ikakosa kusikia, ukainunulia mdomo wa pili. Watu wawili wanampigia kiziwi kelele, ova."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikio lenyewe, kumbe, ni kidude kisichozidi kidole gumba, adapta, kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Sokoni kilikuwepo, kwa fundi yuleyule aliyeniuzia midomo miwili bila hata kukohoa. Nikakileta, nikakichomeka nyuma ya kompyuta, nikamwita mzee aone. Kioo kilionyesha mstari mmoja wa nguvu ya waifai, nao ulikuwa unakuja na kwenda.

"Umeiwekea sikio kisogoni," alisema. "Mbele yake sanduku la chuma. Chini meza ya chuma. Nyuma ukuta wa mabati. Wewe mwenyewe ungesikia?"

Akatoa kwenye mfuko wake waya mfupi wa kurefusha USB, waya ambao bila shaka alikuwa akitembea nao miaka yote akingoja mjinga kama mimi, akaning'iniza ile adapta kwenye msumari juu ya mlango, mahali inapoonana na rauta ya sebuleni. Mistari ikapanda mpaka minne. Nikakiri, kwa shingo upande, kwamba mzee anajua.

Kosa kubwa hilo, kukiri. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, na darasa lake halikuwa na likizo.

Somo la kwanza lilikuwa chuma. "Chuma hakina huruma," alisema, na alilisema kila alipoona bati, yaani kila alipofungua macho, maana Lodwar hii tungekosa mabati tungelala nje. Kulikuwa na ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, ambayo waifai yake ilikuwa haivuki mlango. Wafanyakazi walilalamika mwaka mzima, wakaandika barua, wakafanya mkutano kuhusu barua. Mwishowe wakamwita Opareta. Alikuta rauta wameifungia ndani ya kabati la chuma, kwa kufuli, ili wezi wasiibe. Alifungua kabati, watu wakasikia simu zao zote zikilia ujumbe kwa pamoja. Akafunga, kimya. Akafungua, zikalia. Akafunga tena, akamrudishia bosi ufunguo, akaenda zake. Walimfuata mpaka barabarani kumuuliza ushauri wake ni upi.

Somo la pili lilikuwa antena. Watu wote wa mtaa wetu, mimi nikiwa wa kwanza, tulikuwa tumelaza antena za rauta na kuzielekeza chumbani, kama unavyomwonyesha mgeni choo kilipo. Opareta aliingia nyumba hadi nyumba akizisimamisha. "Inatoka ubavuni, haitoki nchani! Ukiielekezea ncha ndipo unaikosa. Nani aliwaambia ni kidole?" Hakuna aliyetuambia. Tuliona tu inafanana na kidole.

La tatu ndilo lililomkasirisha kuliko yote. Mtu akisema "waifai imeenda", mzee alisimama pale pale, hata kama ni katikati ya barabara na boda boda zinapiga honi.

"Imeenda wapi? Waifai ni kutoka sanduku lako mpaka kompyuta yako. Hiyo ni nyumba yako, safisha mwenyewe. Intaneti ni kutoka sanduku lako mpaka duniani. Hiyo ni barabara ya wakubwa. Ukiona mistari yote imejaa na hakuna kinachofunguka, usisogeze rauta. Hamisha hasira."

Na rauta hiyo moja, alinieleza, inatangaza majina mawili. Jina lenye namba tano ni la mbio, lakini ukuta mmoja tu limechoka. Lenye mbili nukta nne ni ngamia, polepole lakini linapita. Kwa nyumba yangu yenye ukuta wa bati katikati, alisema, panda ngamia. Nikapanda.

Sasa usidhani mtu huyu mwenyewe alikuwa na waifai. Hakuwa nayo. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na rauta, na simu yake ilikuwa ya vitufe, zile tunazoita kabambe, iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Kupiga simu aliona ni ushamba: watu wawili wanaongea kwa wakati mmoja, hakuna anayengoja zamu, ni vurugu. Aliwapa watu wote ushauri wa vitu vya hewani, halafu akaniambia faraghani kwamba kama kweli najali kazi yangu nitandaze waya. "Waya hausahau," alisema. Nikamuuliza mbona basi hakuniambia hivyo mwanzoni. Akasema nilikuja na swali la waifai, na yeye hujibu swali aliloulizwa. Loo! Yeye!

Na ukarimu wake ulikuwa mkubwa, hasa kwa mali ya wengine. Huku kwetu kuomba si aibu, aibu ni kunyima. Hilo kila Mturkana amelinyonya. Lakini Opareta alilipeleka mbali. Alitangaza kwamba waifai ni kama kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto Kawalase: mwenyewe ni aliyechimba, ila anayekuja na jerikeni hafukuzwi, anangoja zamu. Maneno mazuri. Kisima kilikuwa changu, na paswadi yangu alishawapa watu wa nyumba zote za safu yetu bila kuniuliza. Nilishangaa wiki nzima kwa nini kompyuta inatambaa, mpaka nikamkuta mama wa nyumba ya tatu akitazama mahubiri kwenye simu, amekaa amejiegemeza kwenye ukuta wangu.

Nilimwendea mzee nikiwa nimefura. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nakupima," alisema. "Nione utagundua siku ngapi. Umechelewa, ova."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la dhambi zote. Opareta hakuwahi kukosea, andika hilo. Aliwahi kukagua adapta yangu saa nzima, akalaumu boma la mbuzi la jirani kwa kuwa lina wavu wa chuma, akataka livunjwe. Mwanangu mdogo akaja akawasha swichi ya ukutani ya rauta. Alikuwa akitupima. Aliteleza akaanguka kwenye mtaro. Mtaro ulichimbwa vibaya. Na ni yeye huyo huyo aliyekuwa akihubiri kwamba mtu asiyesema "nimekosea" ni hatari kwenye redio, kwamba opareta wa namna hiyo ataua watu siku moja. Nilimsikiliza akilisema hilo kwa uso mkavu, nikang'ata ulimi.

Siku ya jaribio ilikuwa ya jua la Lodwar lile lisilotaka mchezo. Walipanga saa tisa mchana, watu wa mbali hao, hawajui saa tisa yetu ni nini. Rauta ilikuwa na tabia ya kujizima ikipata joto. Watoto nilishawapeleka kwa jirani. Begi la Kalokol lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa nusu.

Opareta alikuja saa nane, amevaa shati la Jumapili. Niseme haki yake: alikuwa amepita nyumba zote za safu akiwaambia watu wazime simu zao, ni zamu ya mama Akiru kwenye kisima, atakayewasha ataongea naye. Walizima wote. Akaniambia niingie chumbani nifanye mtihani wangu, sebuleni yupo yeye, rauta ailinde yeye.

"Usiiguse tu, mzee."

"Mama, mimi nimelinda mashine kabla hujaota meno."

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Msimamizi, mama mmoja mpole mwenye Kiswahili cha Nairobi, alikuwa kwenye kioo, nami naandika sauti ya mzee mmoja akisimulia ng'ombe dume wake. Nilikuwa na furaha! Niliona vidole vyangu vinakimbia na nikawaza, Akiru, hatuendi popote. Kisha uso wa yule mama ukaganda. Sauti ikakatika vipande, ikarudi, ikakatika. Mistari minne ikawa miwili, ikawa mmoja, ikawa alama ya mshangao. Nikangoja. Nikawasha na kuzima. Dakika kumi, ishirini, karibu thelathini. Hakuna.

Nikatoka sebuleni mbio. Nilichokikuta ni hiki: rauta ilikuwa imeviringishwa gunia lililoloweshwa maji, gunia zima, limekunjwa mara nne kila upande, kama tunavyofunga jerikeni la maji lipoe juani. Opareta ameketi kando yake kwenye kigoda na kikombe mkononi, anainyunyizia. Ameridhika. Nyumba imepoa.

"Inatoa joto," aliniambia. "Nimeipoza. Sasa hivi iko baridi kabisa."

Mtu ambaye alinifundisha kwa mdomo wake kwamba maji yanameza mawimbi kuliko hata ukuta wa udongo. Mtu ambaye alinikataza kuweka rauta karibu na mtungi! Lakini moyo wa mtu wa Lodwar ukiona kitu kinaungua, mkono unakwenda kwenye gunia na maji kabla kichwa hakijaulizwa. Nilielewa hilo baadaye. Wakati ule sikuelewa chochote.

Nililivua lile gunia nikalitupa nje. Saa ilishapita. Nikamgeukia.

"Umenimaliza. Unanisikia? Umewapeleka watoto wangu Kalokol. Wewe huna kazi, huna mashine, unazunguka nyumba za watu na maneno. Rudi kwenye redio yako iliyokufa ukazikwe nayo."

Nadhani nilitaka aseme neno moja tu, lile asiloliweza.

"Mawimbi ya leo ni mabaya," alisema. Akachukua kigoda chake, akatoka. Hakusema ova.

Siku ya pili jioni nikapata barua pepe: jaribio litarudiwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nikaruka, nikalia, nikamwimbia Mungu, na nikajipongeza, maana nilikuwa nimewaandikia barua ya kuomba radhi yenye Kiingereza kizito. Alhamisi nilifaulu. Begi lilirudi kabatini. Kwa mwaka mzima nilijigamba kwa watu jinsi kalamu yangu ilivyowalainisha wazungu, ingawa hata wazungu hawakuwemo. Opareta tulikuwa tunapishana njiani bila salamu. Baadaye nikasikia amehamia Kakuma kwa binti yake. Niliwaza: afadhali, hewa imesafishika.

Ndipo siku moja, kazi za siku zimeisha, msimamizi akaniuliza kwenye simu, "Na mzee wako anaendeleaje?"

"Mzee yupi?"

"Yule aliyetupigia baada ya jaribio lako kukatika. Alipiga mara tano mpaka akapata mtu. Alisema yeye ndiye aliyefunika mashine kwa gunia la maji. Alisema wewe unajua kazi, kosa ni lake peke yake, kama kuna wa kufukuzwa afukuzwe yeye. Nikamwambia baba, wewe hatujakuajiri. Akasema basi niajirini kwanza."

Nilimuuliza kuhusu barua yangu. Alisema barua ipi.

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Mtu aliyechukia simu alipiga mara tano. Namba yao ilikuwa kwenye karatasi niliyoibandika ukutani sebuleni. Lazima aliinakili nikiwa namtukana, au kabla.

Jumamosi nikaenda Kakuma. Nilimkuta kwenye kambi ya wakimbizi, katika kanisa la Wakongomani, na aliyenipokea mlangoni ni mama kiongozi wa kwaya.

"Karibu, mama. Mzee iko ndani. Anatuchokesha na antena yake, weee! Lakini sasa bandugu yetu ya mbali banaona chorale, kwaya yetu, muzuri ku simu, haikate tena."

Opareta alikuwa kwenye benchi ya mbele, amekonda, jicho moja limefunga ukungu, anawaelekeza vijana wawili wanaopandisha rauta kwenye mti wa paa. Nilimsalimu, ejok, akaitikia ejok-noi bila kugeuka. Sauti yangu aliijua. Nilimpa tumbako na majani ya chai. Akapokea, akavinusa, akaviweka.

"Mzee, nimekuja kusema asante."

"Ya nini?"

"Ile simu. Uliyompigia msimamizi wangu ukamwambia kosa ni lako."

Sasa akageuka. Alinitazama kwa jicho lake zima kama niliyemsingizia wizi wa mbuzi.

"Mimi? Niseme kosa ni langu? Mama Akiru, umenijua miaka mingapi?"

"Mingi."

"Ulishawahi kunisikia nikisema hivyo?"

"Hata siku moja."

"Basi. Amekosea mtu huyo. Watu wa mbali hawasikii vizuri."

Nilitaka kubishana, nikaacha. Nilimwelewa. Ili apokee asante yangu ingebidi apokee na lile gunia, hapa, mbele ya vijana na kwaya, na mzee yule alikuwa ameshalibeba mara moja, mara tano, kwa watu asiowajua, na ilimtosha. Nilimpenda sana wakati ule.

"Haya," nikasema. "Hukupiga. Basi mimi ndiye nina kosa. Yale maneno niliyokwambia siku ile, mzee, nisamehe."

Vijana juu ya ngazi walimuuliza kama iko sawa, akawanyanyulia kiganja wangoje.

"Hayo yalinifika," alisema. "Hayakukatika hata neno moja."

Kisha akasogea kwenye benchi, nikaketi.